SOMO: MTOTO AKIUGUA AKILI, NANI ALIPE?



Tunapowatembelea tunasikia kilio hiki: mtoto halali, hasemi na watu, anajiumiza. Wengine husema ni laana. Hapana, ni ugonjwa. Lakini daktari wa akili yuko mbali, na pesa hakuna.

Tujifunze kwa jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani. Tangu 2008 wana laini ya simu. Daktari wa kawaida akikwama na mtoto wa namna hii, humpigia bingwa wa akili za watoto, wakashauriana. Mtoto hutibiwa karibu na kwao.

Shida ilikuwa malipo. Simu ilisaidia hata watoto wenye bima za kampuni, lakini mzigo uliibebea serikali. Mwaka 2020 jimbo likatunga sheria, na tangu Julai 2021 kampuni za bima hutoa mchango wa lazima, kwa kuhesabu watu wanaowakatia bima. Serikali nayo hulipia watoto walio katika mpango wake wa watu wa kipato kidogo.

Tunaona nini? Harambee ni nzuri, lakini huja mara moja, na ugonjwa huu hudumu. Mchango mdogo wa kila nyumba, hata isiyo na mgonjwa, haumwelemei mtu.

Tujadiliane:
1. Kwetu, mtoto kama huyu husaidiwa na nani?
2. Kila mwanachama aweza kutoa ngapi kwa mwezi?
3. Nani atatunza pesa hizo?