Samaki Asiyekula Chambo: Somo la Mshipi na Ndoana

Wasomaji wetu wengi wavua kwa mshipi, na kila mmoja ajua kanuni ya kwanza ya kazi hiyo, kwamba chambo ndicho kimwitacho samaki, na ndoana humngoja tu. Leo twapenda kueleza habari za samaki mmoja wa Marekani ambaye kanuni hiyo haimhusu hata kidogo. Wenyeji humwita kwa jina lenye maana ya samaki wa kasia, na wataalamu humwita Polyodon spathula. Akaa katika mto Mississippi na mito iingiayo humo, kama vile Missouri, Osage na Yellowstone.

Jina lake latokana na pua yake, ambayo ni ndefu na bapa mfano wa kasia, nayo yapata kama thuluthi moja ya urefu wake. Zamani watu walidhani pua hiyo ni jembe la kuchimbulia matope. Sivyo. Ngozi ya pua hiyo ina matundu madogo mengi sana ambayo kwayo samaki huhisi umeme hafifu utokao katika vijidudu vielealeavyo majini, na vijidudu hivyo ndivyo chakula chake. Huogelea amepanua kinywa. Maji huingia na kutokea mashavuni, na vijidudu hunaswa ndani katika vichujio vilivyo kama meno ya kitana. Hana magamba ila machache sana, na mifupa yake karibu yote ni gegedu, kama ya papa. Basi samaki wa namna hii atashawishiwaje kwa mnyoo au kwa kipande cha nyama?

Kwa hiyo wavuvi wa huko humnasa kwa nguvu. Hufunga ndoana kubwa zenye ncha tatu, bila chambo, wakazitupa mbali mtoni, kisha huuvuta mshipi kwa kishindo, wakaulegeza na kukunja kidogo, wakavuta tena, hata ndoana imchome samaki ubavuni au mgongoni. Samaki wengine wengi hawaruhusiwi kuvuliwa hivyo, na ni haki, maana ndoana kipofu haichagui. Huyu ameruhusiwa kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumpata kwa ufito, tena kwa majira mafupi tu. Katika jimbo la Missouri majira hayo ni tangu tarehe 15 Machi hata tarehe 30 Aprili, wakati maji yajaapo na kupata joto la digrii 10 hata 13 hivi za sentigredi, na samaki hupanda mto kutafuta changarawe za kutagia.

Sasa tuje kwenye mshipi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Zamani mishipi ilisokotwa kwa kitani au hariri. Mwaka 1938 kiwanda cha Du Pont kilitangaza nailoni, na baadaye mshipi wa uzi mmoja wa nailoni ukaenea duniani kote. Uzi huo ni mzuri, lakini hunyumbuka. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: mvuvi ametupa ndoana mbali futi 150, na kila futi 100 za mshipi zikivutwa hurefuka futi 4. Mshipi wote umerefuka futi 6. Naye mvuvi, kwa mikono yake na ufito wake, aweza kuvuta futi 7 tu kwa mara moja. Basi ndoana kule mtoni imesogea futi 1, na kishindo chote kimemezwa na uzi. Kwa samaki amezaye chambo hilo si kitu. Kwa huyu ni kazi bure.

Kwa sababu hiyo wengi leo huchagua mshipi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za polietilini, wenye nguvu ya ratili 80 au 100. Huo haunyumbuki, na wembamba wake hukata maji hata mkondo usiuchukue sana. Una aibu zake, hata hivyo. Ukisugua jiwe lenye makali huliwa upesi. Fundo lisilofungwa vema huteleza. Na ukiukunja moja kwa moja juu ya kigurudumu kitupu huzunguka bure. Dawa ya mwisho ni kutanguliza nailoni kidogo chini yake. Anayevulia ukingoni karibu, penye mawe mengi, apenda nailoni nene, wala simlaumu.

Mpango wa kufunga ni huu. Mwisho wa mshipi hufungwa chubwi ya risasi, nzito ya kutosha kufika chini katika mkondo. Juu yake, kama futi moja na nusu, hufungwa ndoana ya kwanza, na juu tena kwa kipimo hicho hicho ndoana ya pili. Mwenye busara huifunga chubwi kwa uzi dhaifu, tuseme wa ratili 30, ili ikinaswa kati ya mawe ikatike peke yake, asipoteze vyote. Katika jimbo la Oklahoma sheria yataka ndoana moja tu, tena isiyo na kijino cha kuzuia, ili itoke kwa urahisi.

Labda msomaji atauliza, kwa nini tushughulike hivi na nguvu za uzi? Ni kwa sababu samaki huyu ni mkubwa. Mmoja aliyevuliwa katika Lake of the Ozarks mwezi Machi 2024 alizidi ratili 164. Uzi dhaifu ukikatika, samaki huondoka na ndoana mwilini, akiburura chubwi. Tena huenda akawa jike, naye jike hatagi mpaka atimize miaka kama 8 au 10, wala hatagi kila mwaka. Ukuta wa Truman wa kuzuia maji ya mto Osage, uliomalizika mwaka 1979, ulifunika mahali pa kutagia, na tangu hapo wengi wa samaki wa maziwa yale hulelewa na Serikali ya jimbo katika mabwawa ya Blind Pony, kisha hutiwa ziwani. Ndugu yake wa mto Yangtze, nchini China, hakupata ulezi huo. Njia yake ilifungwa kwa ukuta wa Gezhouba mwaka 1981. Alionekana hai mara ya mwisho mwaka 2003, na mwaka 2022 alitangazwa kuwa ametoweka kabisa.

Sheria nyingine hufuata hapo. Katika Missouri mvuvi haruhusiwi zaidi ya samaki wawili kwa siku, na katika Lake of the Ozarks aliye chini ya inchi 34 lazima arudishwe, akipimwa tangu jicho hata panda ya mkia, si pua, maana pua huvunjika. Mayai yake, yafanywayo kaviari ya bei kubwa, hayaruhusiwi kuuzwa na mvuvi.

Anayerudishwa ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, asishikwe machoni wala mashavuni, wala asiburutwe juu ya mawe. Kulabu ya kupandishia samaki chomboni ni afadhali iachwe nyumbani. Wavu mpana wafaa zaidi. Na jioni, kabla ya kuweka ufito, mvuvi apitishe futi kumi za mwisho za mshipi kati ya vidole vyake. Akihisi mahali palipochakaa akate, afunge upya, na kipande kile akichukue nacho, kwa kuwa nailoni haiozi upesi, na ndege wa majini hunaswa miguu.