Ufunguo wa Gari la Kikundi: Nani Ameushika?

Siku moja ya soko, kikundi cha wafugaji ambacho tumekitembelea mara nyingi kilikuwa kinapeleka maziwa kwenye kituo cha kupoza. Gari ni lao wenyewe, Probox ya mtumba iliyotoka Japani, na walilinunua kwa michango ya miaka minne. Dereva alifika, akazima injini, akaacha ufunguo pale pale kwenye swichi, akashuka kutoa mitungi nyuma. Akafunga buti, akaenda kupanga foleni. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mtoto wa miaka miwili, mjukuu wa mmoja wa wanachama. Vioo vyote vilikuwa juu kwa sababu asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Mtoto aliamka, akapanda kiti cha mbele, akachezea kile kidude cha kufungia mlango wa dereva. Tak! Milango yote ikajifunga. Na wakati huo jua lilikuwa limetoka.

Ufunguo wa pili ulikuwapo. Ulikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Nairobi tangu juzi yake, ufunguo mfukoni, kwa ajili ya usalama.

Sasa, watu walizunguka gari. Wengine walimwonyesha mtoto kwa vidole afanye hivi na vile, naye akazidi kulia. Mmoja alitafuta waya. Mwingine akasema kivunjwe kioo, na hapo ndipo mjadala ulipoanza: nani atalipa? Dereva akasema si yeye aliyeleta mtoto. Bibi wa mtoto akasema si yeye aliyeacha ufunguo ndani. Mweka hazina akasema pesa ya kikundi haiwezi kutoka bila mkutano. Sisi tulikuwa pale, na lazima tukubali kwamba hata sisi tulisimama tukasikiliza maneno hayo kwa karibu dakika 20. Aliyemaliza mjadala ni mama mmoja muuza viazi, ambaye hata si mwanachama. Alichukua jiwe.

Mtoto alitoka amelowa jasho, mdomo umekauka, lakini mzima. Tulirudi nyumbani bila kuongea sana.

Ndiyo sababu tumeamua kuandika juu ya funguo. Vikundi vingi siku hizi vina gari, au vinachanga kununua. Mnajadili bei, bima, dereva na mshahara wake. Mambo ya ufunguo hayaandikwi popote. Tunadhani ni shauri la dereva. Sisi tumeona kwamba ni shauri la kikundi kizima, kama vile daftari la hesabu.

Kwanza tumalize habari ya joto, maana wengine husema, "Aa, huku kwetu ni baridi, hiyo ni hatari ya watu wa Garissa." Sivyo. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani laweza kupanda joto kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za kwanza, na haliishii hapo. Siku ya nyuzi 26, ambayo kwetu ni siku nzuri ya kuanika mahindi, ndani ya gari joto hupita nyuzi 40 kabla ya saa moja kwisha. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 kwa haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mtoto hakai peke yake garini, hata kwa dakika ya kununua sukari, na ufunguo hauachwi kwenye swichi dereva akishuka.

Ikitokea mtoto amefungiwa na hakuna ufunguo karibu, vunjeni kioo. Chagueni kioo cha mlango kilicho mbali na mtoto. Msihangaike na kioo kikubwa cha mbele, kile hupasuka lakini hakianguki, kwa sababu kina utando wa plastiki katikati. Vioo vya milango mara nyingi huvunjika vipande vidogo kama punje za mahindi. Zungusheni kitambaa mkononi, mpige kwa kitu kizito chenye ncha, na mpige kwenye kona ya kioo, si katikati. Mkimtoa, mpelekeni kivulini, mpunguzeni nguo, mpangusieni maji, mpepeeni, na akiwa macho mpeni kinywaji au anyonye. Akiwa mlegevu, anatapika au haitiki, huyo ni wa hospitali mara moja, huku mkiendelea kumpoza njiani.

Kikundi kile baadaye kiliandika azimio kwenye kumbukumbu za mkutano: mtu yeyote, mwanachama au si mwanachama, akivunja kioo kumtoa mtu aliyefungiwa, kikundi kitalipa, na hakuna atakayeulizwa swali. Tuliwasifu. Lingeandikwa mapema lingeokoa dakika 20.

Sasa tuje kwa ufunguo wenyewe. Magari mengi ya mtumba hufika na ufunguo mmoja tu. Watu hufurahia gari, hawaulizi la pili. Magari mengi ya siku hizi yana kijichipu ndani ya kile kichwa cha plastiki cha ufunguo. Hakitumii betri. Ufunguo ukiingia kwenye swichi, gari huuliza, "Wewe ni nani?" na kichipu hujibu. Jibu lisipokuwa sahihi, injini haiwaki, au inawaka na kuzima papo hapo. Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa funguo pale sokoni akuchongee nakala ya chuma, nakala itafungua mlango lakini haitawasha gari la namna hiyo. Wengine hukasirika wakidhani wametapeliwa. Lakini nakala hiyo ya bei ndogo ndiyo ingemtoa yule mtoto! Chongesheni moja, ikae kwa mtu anayekaa karibu na mahali gari linapolala.

Ufunguo kamili wa pili, wenye kichipu, unahitaji fundi mwenye mashine ya kuufundisha gari ulitambue. Tafuteni fundi huyo wakati bado mna ufunguo mmoja mzima mkononi. Ule wa mwisho ukipotea, kazi inakuwa kubwa na gharama huongezeka sana, na pengine gari litakokotwa hadi mjini. Vikundi vingine husema watafanya baadaye, baada ya kulipa deni. Tunaelewa. Lakini ufunguo haungoji deni liishe ndio upotee.

Rimoti ni jambo jingine. Hiyo inatumia betri na hutuma ishara kwa njia ya redio. Kwenye magari mengi ya kisasa namba ya siri hubadilika kila unapobonyeza, kwa hiyo si rahisi mtu kuinasa na kuitumia tena. Mwizi wa mjini lakini hana haja ya kuinasa. Anasimama karibu na mahali pa kuegesha, ameshika kifaa kinachotoa kelele ya redio ile ile. Wewe unabonyeza huku ukienda zako bila kugeuka, gari halisikii, milango inabaki wazi. Ukirudi, pesa za maziwa na kabrasha la kikundi havipo, na hakuna kioo kilichovunjwa, kwa hiyo anayeshukiwa ni dereva. Tumeona kikundi kikigawanyika kwa shaka kama hiyo. Dereva afundishwe hivi: bonyeza ukiwa umesimama karibu, tazama taa zikonyeze, sikia vitasa vikifunga, kisha vuta mkono wa mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna pia magari yasiyohitaji kuingiza ufunguo popote. Ukiwa nao mfukoni, mlango unafunguka ukiugusa, na injini inawashwa kwa kubonyeza kitufe. Hayo ukivuta mlango kujaribu, utajifungulia mwenyewe! Basi mwenye ufunguo asogee hatua kadhaa, mwenzake ndiye avute. Magari hayo yana mtego mwingine. Kikundi cha akina mama kilikodi gari la namna hiyo kwenda mazishini. Mweka hazina, aliyekuwa ameshikilia ufunguo kwenye mkoba wake, aliteremka njiani kununua maua na kusubiri wageni wengine, gari likaendelea na safari. Injini haikuzima, maana magari hayo hayazimi njiani kwa sababu tu ufunguo umetoka. Kilomita 40 mbele, dereva alizima, na hapo ndipo likawa jiwe. Mazishi yaliisha, watu wakingoja mkoba. Kwa hiyo anayeendesha ndiye abebe ufunguo, na kabla gari halijaondoka aulizwe kwa sauti kama anao.

Betri ya rimoti ikianza kuchoka, utaona sharti usogee karibu sana ndipo gari lisikie. Badilisheni wakati huo. Namba ya betri imeandikwa mgongoni mwake, mara nyingi CR2032, lakini fungueni mtazame ya kwenu. Ikifa kabisa msivunje kitu: ndani ya ile rimoti isiyoingizwa popote kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Kwa Toyota nyingi za kitufe, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kile kitufe cha kuwashia, kisha ukibonyeze.

Betri ile ya zamani isitupwe chini wala kuwekwa dirishani. Ni bapa na inang'aa kama sarafu, na mtoto ataitia mdomoni. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama imechoka kiasi cha kutowasha rimoti. Mkimshuku mtoto kuwa ameimeza, msimtapishe na msingoje kuona kama itatoka yenyewe. Nendeni hospitali mara moja na mseme wazi, "Amemeza betri." Mkiwa na nyingine kama hiyo, au paketi yake, ibebeni.

Tabia moja ya madereva wa milimani inatukasirisha kidogo, na tutaisema bila kuficha. Ni ile ya kuzima gari kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizima, breki hupoteza nguvu ya kusaidiwa; ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama mti. Usukani nao huwa mzito. Na ukichomoa ufunguo, usukani hujiloki ukiugeuza, na hapo kona haitakusubiri. Mafuta yanayookolewa ni ya kikombe. Gari likitembea, ufunguo usiguswe.

Pia msiubebeshe mizigo. Tumeona ufunguo wa gari umefungwa pamoja na wa stoo, wa ofisi, makufuli matatu, rozari na kifungulia soda. Uzito huo unaning'inia kwenye swichi mwaka mzima ukiitikisa kwenye mashimo, na swichi inalegea. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita warudishe magari milioni 2.6 kwa sababu swichi zake dhaifu zingeweza kujizungusha na kuzima gari likiwa mbioni, hasa likigongwa au kukiwa na mzigo kwenye ufunguo. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Zile zilikuwa swichi zenye kasoro tangu kiwandani, ni kweli, lakini ya kwenu iliyochakaa msiiongezee kazi. Ufunguo wa gari ukae peke yake, na kipande kidogo cha ngozi. Na msiandike namba ya gari juu yake, maana atakayeuokota atajua pa kuupeleka.

Tumebakisha daftari. Kikundi cha maziwa sasa kina funguo 3. Wa kazi uko kwa dereva, na kila jioni huurudisha kwa katibu na kutia sahihi. Ule kamili wa pili uko kwa mweka hazina, ndani ya kasha, mbali na kitabu cha umiliki wa gari, kwa sababu mwizi akipata vyote viwili amepata gari. Nakala ya chuma iko kwa jirani wa mahali gari linapolala. Anayesafiri haruhusiwi kusafiri na ufunguo, hata awe mwenyekiti. Gari likipelekwa kuoshwa au kutengenezwa, aliyelipeleka hukaa hapo, au huacha ufunguo peke yake bila rimoti za kufuli nyingine. Dereva akiacha kazi, funguo huhesabiwa mbele yake siku hiyo hiyo, na ukikosekana mmoja, fundi mwenye mashine anaweza kuufuta kwenye kumbukumbu ya gari usiweze kuliwasha tena.

Mwenyekiti hakufurahi mwanzoni. Alisema ameonekana kama mwizi. Ilichukua mikutano miwili. Dereva ndiye aliyesaidia, kwa kusema kwamba daftari linamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa mkutano wenu ujao, tunawaomba kila mwenye ufunguo wowote wa kikundi, wa gari, wa stoo, wa ofisi, auweke mezani. Zihesabuni. Kisha jadilini katika makundi madogo: Ni ngapi mlizodhani mnazo, na ni ngapi zilizo mezani? Leo usiku gari likihitajika kumpeleka mama mjamzito hospitali, na mwenye ufunguo hapatikani kwa simu, mtafanya nini, na itachukua dakika ngapi? Na kioo kikivunjwa kumwokoa mtu, je, tayari mmekubaliana nani atalipa?