Nilivyosoma Sayansi ya Maabara Muhimbili, na Ushauri kwa Anayetaka Kuomba

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huniuliza swali lilelile: "Dada, udaktari nimeukosa, nichukue maabara kwanza halafu nihamie?" Huwa nawajibu hapana. Chukua maabara kama unaitaka maabara. Tiba ya mionzi vilevile, fiziotherapia vilevile. Hizi ni taaluma zinazojitegemea, na anayeingia huku moyo uko kwingine hujulikana mapema: anapiga msuli ili afaulu mtihani, kazi yenyewe haimwingii.

Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Upanga. Kilianza 1963 kama shule ya udaktari, kikawa chuo kikuu kamili 2007, na kiko eneo moja na Hospitali ya Taifa. Kwangu mimi ujirani huo ulikuwa na thamani kuliko jengo lolote la chuo, maana uliyofundishwa asubuhi unaweza kukutana nayo kwenye benchi kabla hujayasahau.

Kabla ya kuomba, nenda ukaone kazi. Omba ruhusa hospitali ya wilaya yenu, ukae pembeni hata asubuhi moja. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kushinda wiki kadhaa na mgonjwa wa kiharusi, akimfundisha kusimama upya. Sisi wa maabara mgonjwa tunamwona dakika chache, kisha tunashinda na sampuli yake. Kama wewe ni mtu wa kuzungumza na watu kutwa nzima, maabara itakuchosha hata ukiwa na A ya Kemia.

Kuhusu sifa, sina mengi. Utahitaji kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa kiwango cha prinsipo, na alama huhesabiwa A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Usijipime kwa kiwango cha chini peke yake; vyuo vya umma vinagombaniwa, na wanaochukuliwa mara nyingi wamekipita mbali. Soma kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka wako, si cha kaka yako. Mwenye stashahada ya fani hiyo naye ana njia yake humo.

Sasa kusoma kwenyewe. Notisi utazikariri, lakini mkono haukariri, unazoeshwa. Chukua slaidi ya malaria. Unaweka tone nene na tone jembamba kwenye kioo kimoja. Jembamba unalivuta kwa ukingo wa kioo kingine mpaka liishie kama ncha ya unyoya, likikauka unaligandisha kwa methanoli. Lile nene methanoli isiliguse, kwa sababu tunataka chembe nyekundu zipasuke, vibaki vimelea na chembe nyeupe. Giemsa ya asilimia 10 inakaa dakika 10 hadi 15. Halafu lenzi ya 100 yenye mafuta, na unapitia maeneo yasiyopungua 100 kwenye tone nene kabla ya kuandika kwamba hujaona kimelea. Ukiwa na usingizi, eneo la 40 linaonekana linatosha. Halitoshi. Kwa hiyo waombe wataalamu wa maabara slaidi zilizokwisha kusomwa, uzisome jioni, ulinganishe majibu yako na ya kwao.

Jifunze pia kumwendea mgonjwa. Ukimuuliza mama aliyekaa foleni tangu alfajiri, "Wewe ndiye Mwanaidi?" anaweza kuitikia tu ili amalize. Sema, "Shikamoo mama. Naomba unitajie majina yako kamili." Mwache ayataje mwenyewe, ulinganishe na fomu, kisha andika jina kwenye mrija palepale mbele yake. Na damu iliyoingia kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau usiimimine kwenye mwekundu hata kidogo. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ina potasiamu. Kipimo cha potasiamu kitapanda kwa uongo, na daktari anaweza kumtibu mtu ugonjwa asio nao.

Wataalamu wa benchi utakaowakuta, wengi wenye stashahada na miaka mingi ya kazi, wape heshima yao. Nimeona wanafunzi wa digrii wakiwaamkia kwa shingo upande. Hawa ndio watakaokuonyesha sampuli iliyoharibika kabla mashine haijaisema, na hakuna kitabu kitakachokupa jicho hilo.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo omba mapema, vyeti vyako vikiwa vimehakikiwa. Bumu, yaani pesa ya kujikimu, likiingia, nauli ya mafunzo ya vitendo, koti jeupe na viatu vilivyofunikwa vitoke kwanza. Kumbuka kwamba ukiajiriwa makato ya marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Wazazi nao waelezwe hilo, wasije wakapanga matumizi ya mshahara mzima.

Dirisha la udahili kwa kawaida hufunguliwa matokeo yakishatoka, na muda wake ni mfupi. Kama umeiona kazi na umeipenda, iandike maabara chaguo la kwanza. Kama hujaipenda, tafadhali mwachie nafasi hiyo anayeitaka.