Kuwafundisha Watoto Kupima Habari na Kuziandika

Somo kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa Kabazi na kwingineko

Kabazi ni mojawapo ya wadi za Subukia, katika kaunti ya Nakuru. Zamani habari ziliwafikia watu wa huko kwa njia chache tu: sokoni, kanisani, katika baraza la chifu, na kwa redio ya jirani aliyeweza kununua betri. Aghalabu mleta habari alijulikana kwa uso na kwa jina, na msikilizaji aliweza kumpima kwa tabia yake. Siku hizi mtoto wa shule akiishika simu ya mzazi wake jioni moja, hupokea maneno na picha kutoka kwa watu ambao huenda asiwaone maishani mwake. Baadhi ya maneno hayo ni ya kweli, baadhi ni ya kutafuta wanunuzi, na mengine yametungwa makusudi ili kumdanganya. Kwa sura yote hufanana.

Kwa hiyo elimu ya kupima habari imekuwa ya lazima kwa mtoto kama elimu ya hesabu. Mwaka 2011 shirika la UNESCO lilitoa mtaala wa kuwasaidia walimu wa nchi zote kulifundisha jambo hili. Huko Kenya pia, mtaala wa umilisi unataja mawasiliano, kufikiri kwa makini na matumizi ya vyombo vya kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Lakini mwalimu wa kijijini aweza kuuliza: nianzie wapi, nami sina kompyuta wala gazeti la kila siku? Jibu ni kwamba aanzie kijijini pale pale. Mtoto afundishwe kuandika habari za mahali anapokaa, ambako majirani wataweza kumsahihisha akikosea. Akishaionja taabu ya kuupata ukweli wa jambo dogo, hatakuwa mwepesi wa kuamini jambo kubwa lisilo na shahidi.

HASARA YA UVUMI

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii hutajwa mara nyingi ili kuutetea uvumi. Watu wa Nakuru wanayo sababu ya kuitumia kwa hadhari. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, machafuko yalienea katika Bonde la Ufa, na mwezi wa Januari 2008 yakafika katika miji ya Nakuru na Naivasha. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 2008, ikahesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Taarifa hiyo ilieleza mambo mengi yaliyoleta maafa hayo, na miongoni mwake ilitaja maneno ya chuki yaliyotangazwa na baadhi ya vituo vya redio na yaliyopelekwa kwa simu za mkononi.

Yafaa wanafunzi waelewe jinsi uvumi wa namna hiyo unavyofanya kazi. Tuseme ujumbe wafika jioni: "Watu wa upande ule watakuja usiku huu." Hauna jina la mwandishi, wala hautaji nani aliyewaona watu hao, mahali gani, saa ngapi. Aliyeupokea huogopa, akachukua panga na kukaa mlangoni. Jirani wa upande wa pili humwona na panga, naye akaamini ujumbe kama huo uliomfikia yeye. Hivyo maneno yaliyokuwa ya uongo wakati wa magharibi yaweza kuzaa jambo la kweli kabla ya mapambazuko, wala hapana aliyekusudia kusema uongo ila yule wa kwanza.

Sheria nayo imeweka mpaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, humpa kila mtu uhuru wa kusema na wa kutafuta habari, lakini ibara hiyo hiyo yasema kwamba uhuru huo hauhusu uchochezi wa ghasia wala maneno ya chuki.

KUSOMA KWA KUULIZA

Jambo la kwanza la kumfundisha mwanafunzi ni kutenganisha aina za maneno. Mwalimu aandike ubaoni sentensi nne zinazohusu maziwa, kwa kuwa maziwa yanajulikana na kila mtoto:

"Meneja wa chama cha ushirika amesema kwamba bei ya maziwa itapanda mwezi ujao." Hii ni habari, maana msemaji anajulikana naye aweza kuulizwa.

"Yapasa bei ya maziwa ipande." Haya ni maoni. Mtu ana haki ya kuwa nayo, na mwingine ana haki ya kuyapinga.

"Mpe ng'ombe wako chakula chetu, naye atatoa maziwa maradufu." Hili ni tangazo la biashara, hata likiwa limeandikwa kwa mfano wa habari.

"Nasikia kiwanda kitafungwa." Huu ni uvumi. Yamkini ni kweli, yamkini si kweli. Usipelekwe mbele mpaka umepata mwenyewe.

Baada ya hayo wanafunzi wakariri maswali matano ya kumwuliza kila mleta habari, awe mtu, gazeti, redio au simu: Nani asema? Amejuaje? Jambo lilitokea lini na wapi? Nani mwingine ameliona? Nani atafaidika nikiliamini?

Picha pia iulizwe maswali hayo. Picha yaweza kuwa ya kweli lakini ikawa ya mwaka mwingine au ya nchi nyingine, na siku hizi kompyuta zaweza kutengeneza picha ya jambo lisilotokea kamwe. Tena picha yaweza kuwa ya kweli kabisa, maelezo yaliyo chini yake yakawa yamepita kiasi. Mfano mzuri ulipatikana katika Bonde la Ufa lenyewe. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulionekana karibu na Suswa, ukaikata barabara iendayo Narok kutoka Mai Mahiu. Picha zake zilienea duniani zikiwa na maelezo kwamba bara la Afrika linapasuka vipande viwili. Ufa ulikuwako, na barabara ilikatika kweli. Lakini wataalamu wengi wa ardhi walieleza kwamba mvua ndiyo iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yameufunika uwazi wa zamani. Bonde la Ufa hupanuka, ila kwa milimeta chache tu kila mwaka, na kugawanyika kwa bara ni kazi ya mamilioni ya miaka. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza "Amejuaje?" angalingoja maneno ya wataalamu kabla ya kuwatia hofu wazazi wake.

Mfano wa pili wawahusu watu wa Subukia hasa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 6.9 lilitokea hapo Subukia, nalo hutajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya. Basi si ajabu watu wakishtuka wapatapo ujumbe kwamba tetemeko jingine litatokea siku fulani, saa fulani. Wataalamu waweza kusema kwamba nchi fulani ina hatari ya matetemeko, lakini hapana awezaye kutaja siku na saa. Kwa hiyo ujumbe unaotaja saa umejitangaza wenyewe kuwa hauna msingi, na mtoto wa darasa la sita aweza kuwaeleza hivyo watu wa nyumbani kwake.

KUANDIKA HABARI

Habari iliyo kamili hujibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na jinsi gani. Jambo kubwa hutangulia katika sentensi ya kwanza, na madogo hufuata. Mathalani mwanafunzi ameandika hivi: "Wananchi wa Kabazi wamechoka na barabara mbovu." Mwalimu asimkemee, bali amwulize: Wananchi wangapi? Ulizungumza na nani? Barabara ipi? Ubovu wake umeuonaje? Mtoto arudi barabarani akatazame, kisha aandike upya: "Lori lililobeba mahindi lilikwama matopeni siku ya Jumatatu karibu na mto, likazuia njia kwa muda wa saa mbili. Dereva alisema kwamba hiyo ni mara yake ya tatu kukwama mahali hapo tangu mvua zianze." Sentensi hizi hazina hasira hata kidogo, lakini afisa wa barabara akizisoma atajua pa kupeleka mawe.

Kutumia hesabu nako kwahitaji uangalifu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, ukingo wa bwawa la Patel ulibomoka huko Solai, si mbali na Kabazi, maji yakazifagia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hesabu ya wafu iliongezeka siku baada ya siku, kwa kuwa miili iliendelea kupatikana matopeni. Mwandishi aliyetoa hesabu ndogo katika saa za kwanza hakusema uongo, mradi alitaja nani aliyempa hesabu hiyo na saa aliyopewa. Lakini aliyebuni hesabu kubwa ili asomwe na wengi aliwaumiza watu waliokuwa wangali wakiwatafuta jamaa zao. Kila hesabu, basi, iandikwe pamoja na mwenyewe na wakati wake.

Wako wazee wasiopenda kuulizwa maswali na watoto, wakidhani ni utovu wa adabu. Mwalimu awafundishe wanafunzi kuuliza kwa heshima. Mtoto aamkie kwanza, aseme jina lake na la shule yake, kisha aeleze shida yake: "Mzee, samahani, tunaandika gazeti la shule. Twaomba utueleze jinsi mlivyochimba kisima hiki." Aandike majibu mbele ya mzee, amsomee aliyoyaandika, na kumshukuru. Kuuliza si ujinga, na mzee aliyesomewa maneno yake yakawa sawasawa atafurahi kuulizwa tena.

GAZETI LA UKUTANI

Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup huko Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet, aliyekuwa amejeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, alianza kuwapa wanafunzi wake mtambo mdogo wa kupiga chapa. Watoto walipiga chapa maneno yao wenyewe juu ya maisha ya kijiji, na baadaye wakabadilishana maandishi na watoto wa shule nyingine kwa posta. Shule ya Kabazi haihitaji mtambo. Karatasi kubwa, kalamu za wino, gundi ya unga na sehemu ya ukuta isiyonyeshewa mvua zinatosha.

Darasa ligawanywe hivi: wanafunzi wanne wakusanye habari, wawili wazihakiki kwa kwenda kuwauliza tena waliotajwa, mmoja awe mhariri, na mmoja achore picha. Kazi hizi zibadilishwe kila toleo, ili kila mtoto apate kuwa mhakiki, maana kazi hiyo ndiyo yenye mafunzo mengi. Gazeti litoke kila wiki mbili, likiwa na habari tano tu.

Yako mambo ya kushika. Jina au picha ya mtoto aliyedhurika isibandikwe. Aliyepelekwa mahakamani aitwe mshitakiwa mpaka hukumu itolewe. Maneno ya kulidharau kabila au dini ya mtu yasipewe nafasi. Kosa likigunduliwa, sahihisho libandikwe mahali pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwani katiba, katika ibara ya 35, humpa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari ya uongo inayomhusu.

Mwalimu mkuu naye ana sehemu yake, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Siku itafika ambapo watoto wataandika kwamba tangi la maji la shule limetoboka tangu muhula uliopita. Akiing'oa karatasi ile, watajifunza kwamba ukweli unafaa kuandikwa kwa mambo ya wengine tu. Lakini akiwaita wahakiki, akawaeleza kwa nini tangi halijatengenezwa, na jibu lake likabandikwa chini ya habari yao, watakuwa wamejifunza katika siku moja kazi ya mwandishi, kazi ya kiongozi, na haki ya msomaji.

ZOEZI

1. Sikiliza habari moja ya redio kwa Kiswahili, kisha isikilize kwa Kikuyu au Kikalenjin katika kituo kingine. Ni jambo gani limeongezwa, na ni lipi limeachwa?

2. Chagua ujumbe mmoja uliopelekwa nyumbani kwenu kwa simu wiki hii. Ujibu kwa yale maswali matano. Ni maswali mangapi yaliyokosa jibu?

3. Nenda sokoni Kabazi ukaulize bei ya debe la mahindi kwa wauzaji watatu. Andika habari ya sentensi nne, ukitaja siku na saa.

4. Mpe mwenzako habari yako akaihakiki kwa wauzaji wale wale. Bei zikitofautiana, tafuta sababu kabla ya kuibandika.