Mwalimu Mgeni Katika Shule ya Korea: Mambo ya Kushika Mapema

Viza ya E-2, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kwenda kufundisha Kiingereza Korea Kusini, hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Basi wewe Mswahili uliyekulia Toronto au London, ukiwa na uraia wa huko na shahada, unaweza kuomba. Kiingereza kitakupatia kazi. Kitakachokufanya uipende ni namna utakavyoishi na walimu wenzako, na hilo huanza siku ya kwanza.

Mshike mwalimu mwenza. Katika shule ya umma utafundisha pamoja na mwalimu Mkorea. Yeye ndiye anayejua mtoto yupi hajui kusoma na yupi anaonewa. Mpe mpango wa somo siku moja kabla, mkubaliane nani ataeleza mchezo na nani atatuliza darasa. Mkitofautiana, zungumzeni faragha. Kumpinga mbele ya wanafunzi ni kumvunjia heshima.

Kipindi ni kifupi. Shule ya msingi ni dakika 40, na Kiingereza huanza darasa la tatu. Watoto wengi huona haya kukosea mbele ya wenzao, kwa hiyo usimsimamishe mmoja mapema. Sentensi mpya waitamke wote kwa pamoja, kisha wawili wawili, ndipo umwite anayetaka. Mtoto aliyekwisha kuijaribu na jirani yake hunyanyua mkono mwenyewe.

Kula nao. Chakula cha mchana hupakuliwa kwenye sinia la chuma lenye vigawanyo: wali, supu, kimchi (mboga zilizochachushwa) na vitoweo. Keti na walimu, subiri mkubwa aanze. Kama huli nguruwe, sema mapema bila kuona haya. Ratiba ya chakula huandikwa namba za viambato vinavyoweza kumdhuru mtu. Nguruwe ni namba 10. Pitia ratiba hiyo na mwalimu mwenza, ujue siku za kubeba chakula chako.

Adabu ndogo ndogo. Nunua ndara safi za kuvaa ndani ya shule, maana viatu vya nje huachwa mlangoni. Pokea na utoe kitu kwa mikono miwili. Wainamie kidogo wakubwa unapowasalimu, na mwalimu mwenzako mwite *seonsaengnim*, yaani mwalimu.

Wakati wa likizo. Wanafunzi wakifunga shule, huenda mkataba ukakutaka uendelee kukaa ofisini bila vipindi. Tumia saa hizo kujifunza Hangul, alfabeti ya Kikorea. Herufi zake ni chache, na siku chache za bidii zinatosha kukuwezesha kusoma mabango na ratiba ya chakula.

Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Katika *hagwon*, vituo binafsi vya masomo ya ziada, kazi mara nyingi huanza mchana na kuendelea hadi usiku. Uliza saa, nyumba, bima na kiinua mgongo, ambacho kisheria ni kama mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotimia. Mwajiri akikataa kuandika aliyokuahidi, usisaini. Tafuta shule nyingine.