Bodaboda: Neno Lililobaki, Chombo Kilichobadilika

Utangulizi

Mijadala kuhusu usafiri endelevu mijini huendeshwa kana kwamba jambo hilo ni geni Afrika Mashariki na linasubiri istilahi kutoka nje. Makala haya yanatumia neno bodaboda, kama linavyotumika Kisumu, kuonyesha kwamba usafiri usiotoa moshi ulikuwapo mjini humo, na jina lake lilikuwapo. Kilichobadilika ni chombo, neno limebaki.

Asili na Mabadiliko ya Maana

Neno hili lilizuka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Waendesha baiskeli waliovusha wasafiri na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha walinadi huduma yao kwa kutamka mara mbili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kiswahili kililipokea neno hilo pamoja na uradidi wake. Maana ikawa baiskeli yenye mto juu ya keria, inayobeba abiria kwa malipo.

Kisumu ni mji unaoifaa baiskeli. Kutoka Nyalenda hadi ufuo wa Dunga ardhi ni tambarare. Vilima vya Riat huinuka upande wa kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyeita "boda!" Kondele au soko la Kibuye alitarajia baiskeli. Kuelekea mwaka 2008, Serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki zenye injini ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Pikipiki zikaenea, na jina likawafuata abiria. Leo anayetaka baiskeli hulazimika kufafanua: "bodaboda ya baiskeli". Maana ya msingi imegeuka kuwa maana inayohitaji kivumishi.

Ushahidi wa Ngeli

Husemwa "bodaboda imeharibika" kwa chombo, na "bodaboda amefika" kwa mwendeshaji. Neno moja lina upatanisho wa I-ZI na wa A-WA. Sarufi hii inabeba ukweli ambao wapangaji wa miji hawapaswi kuusahau: kubadilisha chombo ni kugusa riziki ya mtu. Mwendesha baiskeli alitumia nguvu za miguu yake. Mwendesha pikipiki hugawana mapato ya siku na kituo cha mafuta, na mara nyingi na mwenye pikipiki pia.

Mwelekeo wa Sasa

Mwaka 2020 Kisumu ilipata mpango wa usafiri endelevu unaotilia mkazo njia za waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Pikipiki za umeme nazo zimeingia Kenya, nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Huenda maana ya bodaboda ikahama tena.

Hitimisho

Hapa ndipo wajibu wa mwanaisimu ulipo. Istilahi "usafiri usiotumia injini" huitambulisha baiskeli kwa kile isicho nacho. Bodaboda ilipata jina lake kutokana na kazi yake, yaani kuvusha watu. Istilahi za mipango mipya zikibuniwa ofisini pekee, zitabaki katika ripoti. Atakayezibuni na aanzie stejini, awasikilize wanaosafirisha na wanaosafirishwa. Wao ndio walioliunda neno la kwanza, na likadumu.