Chomeka Kibodi, Uperuzi: Vidokezo 10 kwa Wenye Mashine ya Gemu Sebuleni

Kuandika anuani ya tovuti kwa pedi ya gemu kunachosha. Unasogeza alama hadi kwenye herufi, unabonyeza, unasogeza tena, unabonyeza tena, na ukikosea katikati unarudi nyuma kufuta. Ndiyo maana wengi wakitaka kusoma habari au kuangalia ratiba ya mechi huiacha televisheni kubwa iliyo mbele yao na kuinamia kioo cha simu. Ni hasara, kwa kuwa mashine nyingi za gemu zina uwezo wa kuingia mtandaoni. Kinachokwamisha ni uandishi tu, na kibodi ya kawaida inamaliza tatizo hilo.

Wazo lenyewe lina umri. Sega ilipoanza kuuza Dreamcast nje ya Japani mwaka 1999, mashine hiyo ilikuja na modemu, na kibodi yake iliuzwa pembeni kama kifaa cha ziada. Mwaka 2007 Wii ya Nintendo ikapata kivinjari cha Opera, na kabla mwaka haujaisha ikaanza kukubali kibodi za USB. Leo jambo hili ni rahisi zaidi, ukijua mambo machache yafuatayo.

1. Ijue mashine yako kabla ya kutoa hela

PS3 na PS4 zina kivinjari chao, na utakiona wazi kwenye menyu. Xbox One na Xbox Series zina Microsoft Edge. PS5 haina kivinjari unachoweza kukifungua kutoka kwenye menyu, na Nintendo Switch nayo haina kivinjari cha kawaida. Kama unayo moja ya hizo mbili, usikate tamaa. Zote zinakubali kibodi ya USB, na utaifurahia kila unapoandika nywila ndefu au kutafuta jina la gemu dukani.

Mwenye PS3 ajue kwamba kivinjari chake kimezeeka. Tovuti nyingi za leo zinatumia ulinzi mpya kisioufahamu, hivyo nyingine zitagoma kufunguka na nyingine zitafunguka nusunusu. Kwa kuperuzi hasa, tegemea PS4 au Xbox. Kati ya hizo mbili, Edge ya Xbox ndiyo ya kisasa zaidi.

2. Anza na kibodi ya waya

Kibodi ya waya ya kompyuta ya mezani ndiyo njia fupi kuliko zote. Haina betri ya kuisha wala haihitaji kuunganishwa kwa namba za siri. Chomeka kwenye tundu la USB, subiri sekunde chache, anza kuandika. Kwenye PS4 utaulizwa ni mtumiaji gani anayeishika kibodi hiyo; chagua jina lako na uendelee.

Tazama mambo mawili unaponunua. Kwanza ni plagi: kibodi za zamani za ofisini zina plagi ya duara yenye pini ndogondogo, na hiyo haiingii kwenye mashine ya gemu. Hakikisha ni USB. Pili ni urefu wa waya. Waya wa kawaida haufiki kutoka kwenye meza ya televisheni hadi kwenye kochi, kwa hiyo nunua na waya wa kurefushia. Mwenye PS5 Slim aangalie pia matundu ya mbele: yote mawili ni ya USB-C, basi kibodi ya plagi pana aichomeke nyuma.

3. Bila waya? Uliza ni ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kibodi zisizo na waya ni za aina mbili. Kuna zinazokuja na kipokezi chake, kile kidude kidogo unachochomeka kwenye tundu la USB, na kuna zinazotumia bluetuthi. Kwa macho zinafanana, lakini kwenye mashine ya gemu tofauti yake ni kubwa.

Xbox haipokei kibodi ya bluetuthi. Ukitaka isiyo na waya kwa ajili yake, chukua yenye kipokezi. PS4 na PS5 zinakubali aina zote mbili. Kwenye PS4 fungua "Settings", ingia "Devices", kisha "Bluetooth Devices", huku kibodi ikiwa katika hali ya kutafutwa. Ukiona namba kwenye televisheni, iandike kwenye kibodi na ubonyeze Enter.

Na kama unanunua ya mtumba, usiondoke dukani kabla hujakiona kipokezi chake kwa macho. Kwa kawaida kipokezi cha kibodi nyingine hakitafanya kazi, na kibodi iliyopoteza chake itabaki kuwa pambo.

4. Kibodi ndogo ya kwenye pedi ni nzuri, ila ilingane

Zipo kibodi ndogo zinazobanwa kwenye pedi yenyewe, ukaandika kwa vidole gumba kama kwenye simu za zamani zenye vitufe. Microsoft walitoa ya Xbox 360 mwaka 2007, wakatoa nyingine ya Xbox One mwaka 2015. Sony walitoa ya PS3 mwaka 2008, na hiyo ilikuwa na ubunifu wa kupendeza: ukibonyeza kitufe maalumu, uso wa kibodi unageuka kuwa sehemu ya kutelezesha kidole ili kusogeza kishale.

Uzuri wa vifaa hivi ni kwamba mkono hauachi pedi. Tatizo ni kwamba kila kimoja kimetengenezwa kwa pedi yake. Ya Xbox 360 haiingii kwenye pedi ya Xbox One, hata kama zote ni za kampuni moja. Nenda dukani na pedi yako mkononi, ubane, uwashe, ujaribu. Kwa ujumbe mfupi na anuani za tovuti inatosha kabisa. Kwa kuandika barua pepe ndefu, kibodi kubwa bado inaishinda.

5. Panga herufi zifuate kibodi yako

Umebonyeza alama ya @ na ikatoka alama ya kunukuu? Kibodi haijaharibika. Mashine imewekwa mpangilio wa Marekani na kibodi yako ni ya Uingereza, au kinyume chake, kwa sababu mipangilio hiyo miwili imebadilishana alama hizo.

Kwa wasomaji wa Kongo na Burundi, ambako kibodi za Kifaransa zimezoeleka, mchanganyiko unakuwa mkubwa zaidi. Ukiandika "habari" kwenye kibodi ya Kifaransa huku mashine ikidhani ni ya Kiingereza, utapata "hqbqri". Kibodi ya mtumba kutoka Ujerumani nayo hubadilisha Y na Z, na "nyumba" yako itasomeka "nzumba".

Kwenye PS4 tiba yake iko kwenye "Settings", kisha "Devices", kisha "Keyboard", ambako unachagua aina ya kibodi. Kiswahili hakihitaji herufi zenye vialama, kwa hiyo mpangilio wowote wa Kiingereza unatosha. Ukishapanga, jaribu kuandika "ng'ombe" na anuani yako ya barua pepe. Vikitoka sawasawa, umemaliza.

6. Kibodi iandike, pedi itembee

Usiitupe pedi kwa sababu umepata kibodi. Kwenye kivinjari cha PS4, kijiti cha kushoto kinasogeza kishale, na cha kulia kinapandisha na kushusha ukurasa. Kwa kusoma makala ndefu ukiwa umeegemea kochi, hakuna kinachoizidi pedi. Kibodi iwe ya kuandika: anuani, maneno ya kutafuta, majina, nywila.

Iweke kibodi mapajani juu ya sinia pana la plastiki ili isiyumbe, na pedi pembeni yako. Mwenye Xbox ana nafasi ya ziada, kwa kuwa Edge inakubali pia kipanya. Kibodi yenye sehemu ya kutelezesha kidole upande wa kulia, pamoja na kipokezi chake cha USB, itampa vyote viwili katika kifaa kimoja.

7. Jifunze vitufe vichache tu

Enter ndiyo rafiki mkubwa: andika neno, bonyeza, umetafuta. Tab inakurusha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine unapojaza fomu. Vitufe vya mishale vinakurudisha kwenye herufi uliyokosea bila kufuta sentensi nzima.

Anayetumia Edge ajaribu na vile vya kwenye kompyuta. Ctrl na L hupeleka kishale kwenye sehemu ya anuani, Ctrl na T hufungua kichupo kipya, na Ctrl na W hukifunga. Kivinjari cha PS4 hakifuati njia zote hizo, kwa hiyo huko zoea kitufe cha "Options" kwenye pedi. Ndicho kinachofungua menyu ya kivinjari.

8. Andika mara moja, hifadhi, kuza maandishi

Hata ukiwa na kibodi, hakuna haja ya kuandika anuani ileile kila jioni. Tovuti unazozitembelea mara kwa mara, kama gazeti lako, msimamo wa ligi au kamusi ya mtoto wa shule, ziwekee alamisho siku ya kwanza. Kuanzia hapo kibodi itabaki kwa ajili ya mambo mapya.

Kisha kuza maandishi. Kurasa nyingi zimepangwa kwa mtu aliyekaa karibu na kioo, nawe umekaa mita mbili au tatu kutoka kwenye televisheni. Usikubali kukodoa macho. Ukurasa ukikuzwa hadi bibi aliyekaa kiti cha nyuma aweze kuusoma, umefika kipimo.

9. Linda bando

Wengi wetu huunganisha mashine ya gemu kwa intaneti ya simu, na hapo bando linaweza kuisha kabla hujasoma hata makala moja. Mara nyingi kosa si la kivinjari. Mashine ikishaona intaneti, huanza kupakua masasisho ya gemu kimyakimya, na sasisho moja linaweza kuwa la gigabaiti nyingi. Kwenye PS4 ingia "Settings", kisha "System", kisha "Automatic Downloads", uzime vya humo. Fanya hivyo kabla ya kuwasha intaneti ya simu.

Kurasa za maandishi na picha hula data kidogo. Video ndiyo mlaji. Ukitaka kutazama, tumia programu ya YouTube au Netflix iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine yako, ambayo hucheza vizuri kuliko kivinjari, na punguza ubora wa picha pale inapowezekana. Na kama unataka kuhifadhi faili, chukua simu au kompyuta. Kivinjari cha PS4 hakikusudiwi kwa kazi hiyo.

10. Sebule ni ya wote, siri ni yako

Unachoandika kwenye televisheni kinaonekana na kila aliyeko chumbani. Mambo ya benki, pesa za simu na barua za kazini yaache kwenye kifaa chako binafsi. Kwenye PS3 sisitiza zaidi, kwa kuwa kivinjari cha zamani hakina ulinzi wa kisasa. Ukiingia kwenye akaunti yoyote, toka ukimaliza, na mara kwa mara futa historia na vidakuzi kwenye mipangilio ya kivinjari.

Kama nyumba ina watoto, mpe kila mmoja akaunti yake. PS4 na Xbox zote zina udhibiti wa wazazi unaokuwezesha kumzuia mtoto asitumie kivinjari, au kuchuja anachoweza kukifungua. Panga hayo kabla ya kuwakabidhi kibodi, kwa sababu watoto huzoea haraka kuliko sisi.

Nami nawatakia waizoee. Simu humfanya kila mtu asome peke yake, ameinama. Ukurasa ulio kwenye televisheni husomwa na nyumba nzima: mtoto anauliza swali la jiografia, dada yake analiandika kwenye kibodi, baba anasoma jibu kwa sauti, mama anabishana nalo. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya mpira wa kwenye kioo inakuwa pia ya maarifa, bila kununua kompyuta.

Kwa hiyo usianze kwa kununua chochote. Azima kibodi ya USB ya kompyuta ya mezani, ofisini au kwa jirani, ichomeke leo jioni na utafute kitu kimoja ambacho familia inabishania. Ikiwafaa, hapo ndipo uende dukani, ukijua hasa unachokitaka.